Taa Nyekundu Iliyotazama Mlango

Mimi ni mzee wa kanisa, na katika umri huu uongo haunifai kitu. Haya yalinipata hapa Kamina, tena mchana, mvua ikinyesha.

Niliingia kwenye makumbusho yetu madogo, vyumba viwili katika nyumba ya zamani ya reli. Mama anayeyatunza aliniachia mlango, akakimbia kuanua nguo zake. Juu ya meza kulikuwa na taa ya kazi, isiyo na utambi, yenye kioo chekundu upande mmoja na cha kijani upande wa pili. Chekundu kilitazama mlango. Nikatabasamu. Sisi tuliofanya kazi ya reli hatuweki taa hivyo: nyekundu ni kumsimamisha mtu, kijani ni kumpa njia.

Ndipo nikamwona kijana kizingitini, koti limelowa.

"Papa, unigeuzie ile taa. Niko nangoja njia."

"Na weye mwenyewe huwezi kuigeuza?"

"Ah, papa. Kwa reli muntu hajipatiake njia."

Ni kweli, tulifundishwa hivyo. Njia unapewa na mkono wa mwingine. Lakini mimi nilikuwa natazama koti lake: vifungo vitatu vyeusi, cha nne cheupe, cha blauzi ya mwanamke.

Niamini, kifungo kile nilikijua. Baba yangu aligongwa na treni akiwa kazini, nikiwa na miaka minne. Asubuhi ile Mama alikosa kifungo cheusi, akamshonea kimoja cha blauzi yake. Mpaka anakufa, Mama alimwota Baba amesimama nje, haingii. Kisha ndoto ikahamia kwa dada yangu, huko Malemba-Nkulu.

Wewe ungefanya nini? Kanisani nafundisha tusiseme na wafu. Nikamwomba Mungu anisamehe kama nakosea, nikageuza kijani mlangoni. Taa ilikuwa na joto.

"Aksanti, papa," akaniambia baba yangu, akapita kando yangu. Nilipogeuka, hayupo. Sakafu ilikuwa kavu.

Yule mama wa makumbusho akarudi. "Papa, sasa unahubiria viombo?"

Jioni dada akanipigia simu, hajui lolote. "Mudogo, nililala kidogo mchana. Baba ameingia. Akavua koti, akaikala kwa kiti."

Ile ndoto haijarudi tena. Ila mvua ikinyesha, mkono wangu hunuka petroli ya taa, nami hushukuru.

Ukitembelea nyumba kama ile, usiguse vitu kwa mzaha. Na ukikuta taa nyekundu inatazama mlango, uliza kwanza, kisha omba. Huenda mtu anangoja mkono wako.