Mke wangu alibeba mimba na moyo wenye mlango uliobana: tulivyopita na madaktari wetu hapa Bujumbura

Wakuu, amani kwenu.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Leo nauacha ubaki. Yote yalitupata sisi wenyewe, nilichobadilisha ni jina la mke wangu tu.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, tunakaa Kinanira, kule mlimani. Mke wangu nimwite Rehema. Kwao ni Waarabu wa zamani wa mji huu, wauza vitambaa.

Ilikuwa mimba yetu ya kwanza. Miezi ya mwanzo ilienda vizuri. Ilipofika mwezi wa tano, Rehema akaanza kusimama njiani tukipanda kwenda nyumbani. Anashika ukuta wa watu, anahema, anacheka, tunaendelea.

Baadaye akawa hawezi kulala. Anaegemea mito, amekaa.

Kilichonishtua zaidi ni swala. Akitoka kwenye sijda anahema kama mtu aliyekimbizwa. Akaanza kuswali kwenye kiti.

Mama yake alikuja kutuona, akamwambia, "Mutoto anasukuma mapafu tu. Na mi nilikuwa hivyo nikiwa na mimba yako."

Tukatulia. Nani abishane na mama mkwe mambo ya uzazi?

Halafu asubuhi moja akakohoa, na kwenye kitambaa kukawa na damu kidogo. Hapo hatukuuliza mtu, tukaenda kwa gyneco wake, daktari wa uzazi.

Yule daktari hakuanza na tumbo. Aliweka kipimo kifuani akasikiliza muda mrefu, mpaka nikaanza kumwangalia usoni nione kuna nini.

"Mama, ukiwa mutoto, magoti yako ilikuwa inavimba?"

Rehema akafikiri. "Ndiyo, dokta. Koo iliniuma, kisha magoti. Sikwenda masomo muda mrefu."

Mambo ambayo hata mimi mumewe sikuwahi kuyasikia.

Tukatumwa kwa cardiologue, daktari wa moyo. Akatuonyesha kwenye mashine: mlango mmoja wa moyo haufunguki vizuri. Ile homa ya utotoni iliuachia kovu. Damu inakwama, inarudi kwenye mapafu. Na mimba inaongeza damu mwilini, kwa hiyo kila wiki inayopita moyo unabebeshwa zaidi.

Wakuu, nilidhani kujua ugonjwa kutapunguza hofu. Apana. Hapo ndipo ilipoanza.

Daktari wa moyo alitaka mtoto atolewe mapema, kwa kisu. Gyneco akasema mtoto bado mdogo mno, na kisu chenyewe kinaweza kuuchosha ule moyo. Kuna kidonge cha kutuliza mapigo ya moyo: daktari wa moyo alisema ni lazima, gyneco akasema tukiangalie, kinaweza kumzuia mtoto kukua.

Wote wawili walikuwa watu wema. Tatizo ni kwamba walikuwa hawaongei. Aliyekuwa anabeba maneno ya huyu kumpelekea yule ni mimi, fundi wa friji, na njiani nusu inanipotea.

Rehema akawa anakunywa kidonge leo, kesho anakiacha.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nikikunywa naogopa maisha ya mutoto. Nisipokunywa naogopa yangu."

Kesho yake nikarudi kwa gyneco nikamwambia, "Dokta, mi siwezi tena kuwa simu yenu. Hamuwezi kukaa pamoja, na sisi tuko hapo?"

Akachukua simu yake akampigia mwenzake palepale.

Tukakutana kwenye hospitali kubwa, chumba kimoja: gyneco, daktari wa moyo, daktari wa ganzi, daktari wa watoto wachanga na mkunga. Wakaanza kubishana kwa Kifaransa, haraka haraka. Rehema amenishika mkono.

Daktari wa ganzi, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akawakatiza. "Tuongee Kiswahili. Mwenye moyo yuko hapa."

Wakabadilisha. Walibishana bado, lakini sasa tulielewa wanabishania nini.

Wakakubaliana: Rehema alazwe mpaka azae. Kidonge aendelee nacho, mtoto apimwe ukuaji kila mara. Azae kwa njia ya kawaida, kwa ganzi ya mgongoni, asisukume. Mtoto wamvute wao.

Tukiwa tunatoka, daktari wa moyo akaniambia peke yangu, "Usifurahi haraka siku hiyo. Mutoto akishatoka, damu iliyokuwa inaenda kwa tumbo inarudi kwa moyo mara moja. Hapo ndiyo naogopa zaidi."

Niliishi na sentensi hiyo wiki zote zilizobaki.

Siku ilipofika ilikuwa mchana. Mimi na mama mkwe tuko kwenye korido, nje ya chumba cha kuzalia. Tukasikia mtoto analia. Mama mkwe akainua mikono, "Alhamdulillahi." Daktari wa watoto akatoka na binti, mdogo, amefungwa vizuri, akatuonyesha uso wake na kuondoka naye.

"Mbona hufurahi, mwanangu?" mama mkwe akaniuliza.

Nilikuwa nasikiliza mlango.

Na kweli, ndani Rehema akaanza kukohoa. Kikohozi kizito cha mtu anayezama. Mama mkwe akakaa chini sakafuni.

Lakini hakuna aliyetoka mbio kwenda kumtafuta mtu, kwa sababu kila aliyehitajika alikuwa humo ndani tayari. Nilisikia sauti ya daktari wa moyo, taratibu, akitaja dawa. Baadaye mkunga alituambia oksijeni ilikuwa tayari, sindano ilikuwa imeshajazwa.

Kikohozi kikapungua. Kikakata. Ule ukimya nao ulinitisha kuliko kikohozi, mpaka mkunga alipofungua akasema, "Anauliza kama mutoto ana nywele."

Nilienda kulia chooni.

Rehema alikaa chumba cha uangalizi, mtoto upande mwingine wa hospitali, nikawa nazunguka kati yao na video kwenye simu. Kisha tukarudi nyumbani watatu.

Sasa binti anatambaa. Mlango wa moyo bado umebana. Madaktari wanataka ufunguliwe nje ya nchi, na mimba nyingine wamesema isiwepo kabla ya hapo. Juzi mama mkwe akagusia mtoto wa kiume. Rehema akamjibu, "Mama, acha kwanza huyu akue na mama yake."

Nilichojifunza: mimba ya hatari ina madaktari wengi, na mgonjwa ni mmoja. Waombe wakae meza moja, na mwenye mwili awepo. Na mjamzito akihema kupita kawaida, moyo usikilizwe.

Ninachowauliza wakuu: kuna ambaye mkewe au dada yake alifunguliwa mlango wa moyo? Alirudi na hali gani?

Rehema atasoma majibu yenu. Mwenye habari ngumu naye aandike, ila aandike taratibu.