Mtoto Mwenye Minyoo Achanjwe?

Juzi kwenye zahanati moja hapa Handeni, mama mmoja wa kifugaji alifunika bega la mwanawe kwa shuka, wakati nesi ameshaandaa sindano ya surua.

"Nesi, huyu ana minyoo," alisema. "Mpe dawa kwanza, chanjo nitamleta mwezi ujao. Sisi mbuzi mwenye minyoo hatumchanji. Chanjo inapotea bure."

Foleni nzima tulisogea kusikiliza. Na mimi nilitaka jibu, maana wangu alikuwa mgongoni akisubiri sindano hiyo hiyo.

Nesi hakucheka. "Kuhusu minyoo unasema kweli, mama. Inatuliza kinga ya mwili ili isifukuzwe, na kinga iliyotulizwa inakuwa nzito kuamka hata kwa magonjwa mengine na kwa chanjo. Lakini surua haisubiri mwezi ujao. Leo anapata vyote viwili."

"Na chanjo itashika?"

"Wengi inawashika. Asiyechanjwa ndiye hana kitu kabisa."

Mama alimtazama mtoto, kisha akavuta shuka pembeni. "Haya. Lakini akilia utambeba wewe."

Alilia, na nesi akambeba.

Miaka yote nilidhani kazi ya minyoo ni kula chakula cha mtoto tu. Kumbe inaanza kwa kuwalaza walinzi wa mwili, mtoto mwenyewe asihisi kitu. Zamu yangu ilipofika niliomba dawa ya minyoo kwa watoto wangu wote.

"Nani anaumwa?" nesi aliuliza.

Nikamwambia hakuna anayelalamika, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.