Chanjo Siyo Dawa ya Mbu

Ugonjwa wangu ulikuwa na wasaidizi. Wa kwanza ni mume wangu. Nilipomwambia natoka damu kila tukikutana, alisema wanawake wa hapa Kagoma wamezidi kupenda hospitali. Mwingine ni tabibu wa zahanati, aliyenipa vidonge mwaka mzima bila hata siku moja kuniambia panda kitandani nikuangalie. Angenipaka ile siki yao ya kupimia mlango wa kizazi, angeona mapema. Na mimi nimo. Niliona aibu. Shule niliishia darasa la nne, ila aibu sikufundishwa huko.

Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, nikatibiwa Mwanza kwa mionzi. Niliporudi, mume alikuwa ameshahamia kwa mwanamke mwingine. Majirani walikuja siku moja, wakatafuna punje za kahawa, wakaniangalia kama mtu aliyesahau kufa. Hawakurudi.

Kwa hiyo nilipopanda gari kwenda Kitendaguro, Bukoba, kwa binti yangu, sikwenda kusalimia. Nilitaka apimwe. Ana miaka thelathini na mbili, hajapimwa hata mara moja.

Alinipikia ebitoke, ndizi zetu, kwa maharage, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka.

"Mama, sisi tumeshamaliza. Mjukuu wako kachomwa shuleni chanjo ya saratani hiyo."

"Na wewe je?"

"Si nyumba ni moja?"

Hapo nikaogopa kweli. Huku Muleba tumezoea watu wa kupulizia dawa ya mbu. Wanapuliza kuta mara moja, mnalala salama wote, mkubwa na mdogo. Binti yangu alikulia ndani ya kuta hizo. Alidhani sindano ya mtoto imepulizia nyumba nzima.

"Ile imeishia kwenye mkono wa mtoto," nikamwambia. "Wewe haikufikii. Hata yeye akikua ataitwa apimwe."

"Au unataka na mimi niugue, upate wa kuongea naye?"

Neno hilo lilikuwa na ukweli kidogo, ndiyo maana liliuma. Nilitoka uani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Asubuhi nikamkuta amevaa kitenge cha kutokea. "Twende waitu, mama, kabla sijaghairi."

Kliniki, nesi alimpa kijiti chenye brashi laini, akamweleza namna ya kujichukulia mwenyewe nyuma ya pazia. Kwamba wanatafuta kirusi kinacholeta saratani hiyo, na kikionekana si lazima awe mgonjwa, ataangaliwa zaidi. Majibu angepigiwa simu ndani ya wiki mbili. Binti yangu aliingia, akatoka. Dakika tatu, na mimi nilikula vidonge mwaka mzima! Nilitamani kumkaba mtu koo, nikakosa wa kuanza naye.

Getini akanishika mkono.

"Yakiwa mazuri nitakupigia. Nisipopiga, mama, usiniulize."

"Kwa nini nisiulize?"

"Utalia kabla yangu, halafu nibaki nakubembeleza wewe."

Nikakubali. Ningefanyaje? Mtoto nimemzaa mimi, lakini mwili ni wake.

Leo ni Jumapili ya nne tangu siku ile. Simu naiweka kwenye mfuko wa gauni hata nikienda migombani, na nimewaambia wa kanisani wasinipigie ovyo, ingawa hakuna aliyekuwa akinipigia. Binti yangu hapigi, ananitumia meseji. Mtoto anasoma vizuri. Mahindi yamepanda bei. Mvua imenyesha sana Bukoba.

Namjibu kwamba hata huku imenyesha.