Siku Baba Mkwe Aliponishukuru

Baba mkwe alinishukuru mbele ya mkutano mzima, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulieni niwape mkasa.

Mimi ni fundi wa minara ya simu. Mnara wetu ulifungwa antena mpya, ile ya vipande vipande. Kila kipande kina nguvu yake, na chini kuna kisanduku cha kuviongoza. Zamani ungepanda na spana kugeuza antena. Siku hizi unachomeka kompyuta kwenye kisanduku, unakiambia mawimbi yaelekee wapi, basi.

Urahisi huo ndio ulioniponza.

Baba mkwe anaishi mlimani, na mtandao kule ulikuwa wa kubahatisha. Kupiga simu mpaka apande juu ya tangi la maji. Nikienda ukweni, mashemeji hawanipi pumzi.

"Shemeji fundi wa mtandao, mzee wetu anawika juu ya tangi kama jogoo!"

Nilicheka nao, lakini roho iliniuma.

Siku nilipotumwa kubadilisha kipande kilichoungua, nilimaliza kazi, nikatazama kushoto na kulia, nikavielekeza mlimani vipande viwili vilivyokuwa vikihudumia kijiji cha bondeni. Nani atajua?

Jioni mzee akapiga akiwa kitini kwake.

"Mwanangu, nimeshuka kwenye tangi! Umefanyaje?"

"Nimewageuzia mawimbi, baba."

Kichwa kikanivimba.

Bondeni wakaanza kulalamika. Mimi ndiye niliyetumwa kuchunguza! Bila haya nikamwambia mkunga wa zahanati, "Mama, simu yako imechoka. Nunua nyingine."

Akanunua.

Malalamiko hayakuisha, bosi akaitisha mkutano wa watu wa bondeni na wa mlimani. Mkunga akaeleza jinsi mzazi alivyotokwa damu, na yeye akizunguka uani na simu mpya, gari la wagonjwa halipatikani. Alikimbia hadi barabarani akasimamisha lori. Mama na mtoto walipona, kwa bahati tu.

Nikainamisha kichwa. Hapo mzee wangu akasimama, anatabasamu.

"Poleni wa bondeni. Ila sisi wa mlimani tunamshukuru mkwe wangu huyu. Alitugeuzia mawimbi kwa mkono wake. Mwombeni na ninyi, ana roho nzuri."

Ukumbi mzima ukanigeukia.

Mkunga hakunitukana. Aliitazama simu yake mpya, akanitazama mimi. Heri angenizaba kofi.

Bosi akasema taratibu, "Vipande vya ziada viko stoo. Ungeniambia tu kwamba mlimani hakuna mtandao, tungeongeza."

Nilisimamishwa kazi. Fundi mwingine aliongeza vipande, sasa mtandao umejaa juu na chini.

Nilipokwenda ukweni kuomba radhi, nilimkuta mzee juu ya tangi, simu sikioni.

"Baba, mtandao si unafika hadi ndani?"

"Unafika. Lakini nilipokuwa napigia huku juu, sikuwa nimemnyima mtu."

Hakushuka.

Jamani, ukimpa mtu haki ya mwenzake, usijisifu kwamba umemheshimu. Umemgawia aibu yako, naye hakuiomba.