Maji ya Marehemu Hatibu

Hatibu alipofariki, mkewe Mwanvita aliuza mbuzi wake wote akachimbisha kisima cha pampu kando ya nyumba, kwenye barabara ya Mlali, chini kidogo ya kituo cha mafuta. Ilikuwa sadaka: kila atakayekata kiu pale, thawabu zimfikie marehemu. Na kwa kuwa hakujua kufanya jambo nusunusu, kila asubuhi ndoo ya kwanza aliipeleka mwenyewe kwa jirani yake, Bibi Scholastika, ambaye magoti yalikuwa yamemkatalia.

Scholastika alikuwa mtani wake wa ukoo, na mdomo wake haukuwa na breki. Siku ya mazishi ndiye aliyejilaza njiani, jeneza lisipite mpaka apewe hela ya soda, huku akisema heri Hatibu ameondoka, alikuwa anamaliza ugali wa mtaa mzima. Mwanvita alicheka machozi yakiwa bado mashavuni. Ndiyo kazi ya mtani.

Mwaka huu wakulima wa bondeni walilalamika kuwa mchicha wao unanuka. Akaja mtaalamu kutoka mjini, binti aitwaye Happiness. Alitoboa ardhi kwa kekee kuanzia kituoni hadi kisimani, akinusa kila udongo uliotoka. Mwisho akachota maji ya kisima kwenye chupa, akayatazama juani.

"Mama, tangi la petroli lililofukiwa pale juu limetoboka," alisema. "Mafuta yamepenya udongoni hadi kwenye maji ya chini, nayo yanateremkia huku. Maji haya yasinywewe tena."

Mwanvita alibisha. Harufu aliwahi kuisikia, akadhani ni grisi ya pampu mpya, kisha akaizoea. Na kama maji ni mabaya, watu si wangesema? Mtaa huu husema hata chumvi iliyozidi kwenye mboga ya mwenzio. Akamshika Happiness mkono, wakaenda kwa Scholastika kutafuta shahidi.

"Mtani, hebu mwambie huyu binti. Maji yangu yana nini?"

Bibi aliinamisha kichwa. "Yananuka petroli. Tangu masika ya mwaka jana."

"Wewe uliyemsema mume wangu akiwa jenezani, hili lilikushinda?"

"Hatibu nilimtania ili ucheke. Lakini haya maji ndiyo yeye aliyebaki. Ningesema yananuka, ungesikia nasema yeye ananuka."

"Basi si ungeyamwaga."

"Sadaka ya maiti naimwagaje, mtani? Nilikunywa."

Mwanvita alikaa kizingitini. Alijuta kuchimba pale, akajuta zaidi zile ndoo alizozibeba kwa mapenzi, moja moja, hadi mdomoni mwa mgonjwa. Mchana ule aliifunga pampu kwa mnyororo wa baiskeli ya Hatibu.

Kesho yake asubuhi, kwa mazoea, alijikuta mlangoni kwa Scholastika na ndoo tupu mkononi. Bibi akachungulia ndani ya ndoo. Mwanvita alisubiri atukanwe kiutani, kama siku ya mazishi. Siku ile angefurahi kutukanwa. Scholastika aliipokea ndoo kwa mikono miwili, akasema asante.