Mukwe na jembe lake la penseli

Jamani, leo mutu amekuja kuposa kwetu na jembe la kuchora!

Hapa Rumonge mukwe analeta jembe la mahari. La chuma.

Huyu bwana wa Nyanza-Lac katoa karatasi yenye jembe la penseli, bila hata aibu.

Nikamuuliza mbele ya wazee wake: "Sasa hii tulimie mihogo, ama tufungie samaki ndagala?"

Watu wakacheka.

Dada yangu, mama wa binti, akaipokea. Akaanza kulia.

Kumbe ni jembe la dada mwenyewe, lile linalokaa jikoni, lililolika mpaka likabaki nusu. Na kile kitambaa cha mpini, nilichokifunga mimi siku kiganja chake kilipochubuka, kimechorwa uzi kwa uzi.

La chuma atalileta tu, sibembelezi.

Ila atakayethubutu kufungia ndagala karatasi ile, atanijua.