Mgeni Niliyemkaribisha Kwenye Boti

Hili lilinipata mimi mwenyewe, si jirani yangu wala binamu wa jirani yangu. Sikuwa nimelewa, maana sinywi. Wala haukuwa usiku: ilikuwa saa kumi na nusu jioni, mwezi wa kumi, na jua bado lilikuwa juu ya ziwa. Ukitaka kuniamini niamini, usipotaka pia sawa, ila subiri nifike mwisho, kwa sababu mwisho unakuhusu.

Mimi ni fundi wa lifti. Nakaa Fittja, pembeni ya Stockholm, na kwa zaidi ya miaka kumi kazi yangu ni kupanda na kushuka kwenye maghorofa ya jiji nikisikiliza nyaya. Nakutajia kazi yangu kwa sababu moja tu, kwamba uzito naujua. Lifti ikibeba mtu mmoja zaidi, miguu yangu inaniambia kabla taa haijawaka.

Rafiki yangu Nestori ni Mrundi wa Norsborg. Tulikutana darasa la Kiswidi, wakati huo wote hatujui hata kuomba maji. Miaka yote tumevua tukiwa tumesimama ukingoni mwa ziwa Mälaren, tukiwatazama wenye boti wakienda kule samaki waliko. Mwaka juzi tukasema basi, tuchange tununue yetu. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Pesa yetu ilitosha kitu kimoja kati ya viwili. Ama boti mpya kabisa ya alumini, ndogo, na injini ya kwenda polepole. Ama mtumba wa faiba, mkubwa, injini ya nguvu, na jukwaa zuri mbele la kusimama ukirusha ndoana. Mimi nilitaka mtumba. Nestori hakutaka hata kuusikia.

"Weye unaona ukubwa tu," aliniambia. "Boti ya watu imekwisha kubeba mambo ya watu. Unajua nani alikalia hicho kiti?"

"Kiti kinafutwa kwa kitambaa, ndugu yangu," nikamjibu, na nikamcheka sana, nakiri.

Jumamosi nikaenda peke yangu kuutazama. Ulikuwa kwenye klabu ndogo ya maboti, miongoni mwa maboti ya mwisho kabla hayajapandishwa nchi kavu kwa ajili ya baridi. Mwenye nao, mama mmoja wa Kiswidi aitwaye Lena, alikuwa amenipigia simu kwamba nimsubiri gatini, anafuata funguo. Nikaukagua. Nikakanyaga sakafu kwa kisigino nikitafuta palipooza, nikanusa oili ya injini, nikatikisa ubao wa nyuma unaobeba injini. Vyote vizima. Niliona tu kwamba boti imeinamia mbele kidogo, nikadhani betri imewekwa vibaya. Bei yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Sikuuliza.

Pale gatini alikuwepo mzee, Mzungu, amekalia ndoo iliyopinduliwa, koti la mpira la njano. Akaniamkia kwa Kinyamwezi. Tafadhali nielewe vizuri. Si Kinyamwezi cha kujifunza kitabuni, ni kile cha mama yangu, cha vijiji vya nyuma ya Tabora, na sauti ile ile ya kuvuta mwishoni. Tangu nifike nchi hii ni nani amewahi kunisalimu hivyo? Wanangu mwenyewe nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiswidi. Nilifurahi mno.

Tukaongea. Akaniuliza mvua za kwetu, akaniuliza karanga. Nilipomuuliza lugha kaipata wapi, akasema watu wakipita humwachia kidogo kidogo. Koti lake lilikuwa linachuruzika maji na mvua haikuwapo. Niliona, nikajisemea labda aliteleza.

Akauliza kama nainunua boti. Nikasema nadhani. Ndipo nikafanya ambalo hata wewe ungelifanya. Nikaweka mkono kifuani, wa pili nikaunyoosha kuelekea kwenye boti, nikamwambia, "Karibu sana, Mzee. Siku yoyote njoo, twende wote."

Nilimaanisha? Wapi! Sisi tunawakaribisha watu chakula sufuria ikiwa imeshaoshwa. Ni adabu, na kila mtu anajua kuikataa kwa adabu. Mswidi akikwambia njoo, anatoa kalenda.

"Siku yoyote?" akauliza.

"Siku yoyote."

Akanipa mkono. Ulikuwa baridi kama nyama iliyotoka kwenye friji.

Nyuma yangu nikasikia hatua. Nikageuka, ni Lena na funguo zake. Nilipogeuka tena, ndoo ilikuwa haina mtu. Lena akaitazama ndoo, akautazama mkono wangu ulioloa, kisha akaitazama boti jinsi ilivyokaa majini. Nami nikatazama. Ilikuwa imekaa sawa, mbele na nyuma. Haki ya Mungu, ilikuwa imenyanyuka.

"Umemkaribisha?" akauliza, taratibu, kama anayeuliza saa.

"Kwa heshima tu," nikasema.

Yule mama akakaa chini kwenye mbao za gati na kulia. Alipomaliza akapangusa macho kwa kofia yake ya sufu na kutia funguo mfukoni. "Nisamehe," akasema. "Siuzi tena. Nunua boti yoyote unayotaka, sasa ni mamoja. Ila usimkalishe mtu mbele."

Nilirudi Fittja nimekasirika, nikimwona Lena ni mwehu aliyenipotezea Jumamosi. Nestori alifurahi, na majira ya kuchipua tukanunua ile mpya. Viti vilikuwa bado vimevikwa nailoni. Mwezi wa tano tukaishusha majini, Nestori akiwa bado nchi kavu anafunga jaketi lake la kuokolea, mimi nikiwa nyuma kwenye injini. Boti ikainama mbele. Vidole viwili tu, lakini miguu yangu iliniambia. Mtu kaingia.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu nilikuwa nimemcheka mwenzangu kwa habari ya viti, na sasa ningechekwa mimi. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Nikamwacha Nestori akae mbele.

Tulipofika katikati ya ziwa nilimsikia akiongea Kirundi kwa sauti ndogo. Nikadhani ni simu. Akacheka, kicheko cha kitoto ambacho sikuwahi kumsikia nacho. Halafu akasimama, akatia mkoba wake begani kama mtu anayeshuka kwenye basi, akavusha mguu mmoja nje ya boti. Nikamrukia, nikamkamata mkanda wa jaketi, tukaanguka wote sakafuni.

"Niache! Tumefika," akaniambia. "Mama amesema nishuke."

Mama yake alifariki zamani, huko huko kwao. Chini yetu palikuwa na kina kirefu cha maji ambayo barafu yake ilikuwa haijamaliza mwezi tangu iyeyuke. Kiti cha mbele, kipya, na nailoni yake, kilikuwa kimejaa maji.

Nilimweleza yote tulipofika ufukweni. Hakugomba. Alikusanya fimbo zake za kuvulia moja moja, akasema, "Ulijua. Ukaniacha nikalie kile kiti." Tangu siku hiyo tukikutana madukani ananisalimia vizuri tu, kama anavyomsalimia mtu wa usafi wa jengo. Hilo linaniuma kuliko boti, na sioni aibu kulisema.

Sasa nikamwelewa Lena. Ili nipone mimi, ilitosha mtu mwingine aseme karibu. Nikaweka tangazo, bei ya kutupa. Akaja baba mmoja Mkongomani kutoka Vällingby, mtu wa Bukavu, mcheshi. Alikuwa amekwisha kununua majaketi mawili ya kuokolea, akaja nayo mkononi. Moja lilikuwa la mtoto.

Mzee alikuwa pale gatini tulipoifunga boti, kwenye ndoo yake. Akamsalimu kwa lugha ya kwao. Mimi nilijifanya nahangaika na kifuniko cha injini. Niliwasikia wakiongea, nikamwona yule baba anafuta machozi huku anacheka, na nikanyamaza. Nilihitaji kunyamaza dakika moja tu. Nilinyamaza sehemu kubwa ya dakika hiyo, sitakuficha. Kisha nikamwona anaweka mkono mmoja kifuani na kuunyoosha wa pili kuelekea kwenye boti.

"Haiuzwi!" nikapiga kelele. "Siuzi tena! Ondoka!"

"Mais papa, c'est quoi? Ni nini hii?" akaduwaa. "Umenitosha kwangu Vällingby, mbali yote hii, nije kupigiwa kelele?"

Nikamsukuma hadi kwenye gari lake. Alinitukana kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na kila tusi nililipokea.

Boti iko nchi kavu hadi leo, imepinduliwa, nailoni za viti bado zimo. Kila nikipita pale Mzee ananiuliza, kwa sauti ya mama yangu, kama ile "siku yoyote" niliyomwahidi ndiyo leo. Namjibu, "Bado, Mzee." Hakasiriki. Mkono wangu wa kulia haukauki; kazini nikibonyeza kitufe cha lifti naacha tone.

Watu huniuliza, ninunue mpya au mtumba? Nunua inayolingana na mfuko wako. Ila kabla hujapanda itazame inavyokaa majini, na akikusalimu mtu pale kwa lugha ya mama yako, mjibu, muulize habari za nyumbani, kisha funga mdomo. Na ukiona tena tangazo la boti ya alumini, mpya, viti na nailoni zake, bei ya kutupa, mwenyewe yuko Fittja, usije. Ujue siku hiyo nimechoka.